Kila Mstari wa Sita

Mliponiaga mlinipa saa ya ukutani. Nimeitundika sebuleni hapa Kayole, inanigongea mchana kutwa, na bado sijaelewa mtu aliyeambiwa asiripoti tena kazini saa mbili asubuhi anataka saa ya nini. Lakini ahsanteni, ni nzuri. Mliniambia pia, "Madam Kalondu, tuandikie mambo ya kazi kabla hujasahau." Sijasahau kitu, jamani. Vyeo na mishahara sitavigusa, hayo mnayajua na hayamfurahishi mtu. Nitaandika juu ya kufuta mistari kwenye faili, kwa sababu ndiyo kazi niliyoifanya kuliko nyingine yoyote, na ndiyo iliyokaribia kuniumbua.

Nilikuja kwenye kituo chetu cha kupima maji nikiwa mpiga chapa. Nilikuwa na cheti kutoka Machakos, sketi ndefu, na kiburi cha mtu anayeandika bila kuangalia vidole. Siku ya kwanza nilikalishwa mbele ya kompyuta yenye kioo cheusi na maandishi ya kijani, haina picha, haina kipanya, kuna kijimstari tu kinachopepesa kikikungoja useme neno. Nikauliza mahali pa kubonyeza. Mwanamume aliyekaa meza ya pili akacheka hadi maganda ya njugu yakaruka. Huyo ndiye Bwana Gichuhi, mtu wa Murang'a, mkuu wa rekodi. Njugu zake alizihifadhi kwenye droo ya juu, na maganda yake yaliishi ndani ya kibodi za ofisi nzima.

"Hapa hatubonyezi," akaniambia. "Hapa tunaandika amri. Ukiandika vizuri, inatii. Ukiandika vibaya, inatii pia. Hilo la pili ndilo uliogope."

Kwa msomaji ambaye hakufanya kazi nasi, wacha nieleze kreti. Mchota sampuli alizunguka mitaa ya Dandora, Kayole na Pipeline akijaza chupa ndogo za maji kutoka bomba za nyumba za kupanga, tunazoziita mifereji ya ploti, visima na vibanda vya kuuzia maji. Alizibeba kwenye kreti kuukuu ya soda, yenye mashimo ishirini na manne, safu nne za chupa sita. Katika kila safu chupa tano zilikuwa za watu. Ya sita ilikuwa yetu wenyewe. Tuliijaza maji ya mtaro kwa makusudi, tukaiita shahidi. Mashine ikionja shahidi na isiseme CHAFU, basi pua ya mashine imeziba na siku hiyo hakuna jibu la kuaminika.

Mashine yenyewe haikujua majina. Ilipokea chupa moja, ikaandika mstari mmoja kwenye faili: SAFI au CHAFU, basi. Mistari ishirini na minne kwa kreti. Kazi yangu ilikuwa kufuta kila mstari wa sita, yaani mashahidi, kisha kuibandika mistari ishirini iliyobaki kando ya orodha ya majina ishirini kwa mpangilio uleule wa kreti. Amri ni fupi, hata mgonjwa anaweza kuiandika:

sed '6~6d' majibu.txt > tayari.txt

Maana yake, anza mstari wa sita, ruka sita sita, na kila utakapotua, futa. Kwenye mashine iliyokataa alama hiyo ya wimbi, Bwana Gichuhi alinifundisha njia nyingine, awk 'NR % 6', ambayo hubakiza kila mstari ambao namba yake haigawanyiki kwa sita. Niliziandika mkononi kwa kalamu kama mtoto wa shule anayeibia mtihani.

Wiki yangu ya kwanza nikaharibu. Nilifikiri: chupa za watu ni tano, basi nifute ya tano. Tena niliongeza ile herufi inayoiambia amri ibadilishe faili lenyewe papo hapo, bila nakala, kwa sababu nilitaka kuonekana mwepesi. Nikafuta majibu manne ya watu na kuwaacha mashahidi wote wanne wamekaa pale wakinitazama. Nilipogundua, jasho lilinitoka mahali sikujua pana jasho. Bwana Gichuhi alisimama nyuma yangu akitafuna.

"Umefuta watu wanne," akasema.

"Nimefuta mistari, Bwana Gichuhi."

"Mstari ni mfereji. Mfereji ni watu. Kesho njoo na viatu vya chini."

Aliniambia maji yakimwagika hayazoleki, lakini sisi ni ofisi ya maji, tunaweza kuyachota tena. Kesho yake nikatumwa na Musyoka, mchota sampuli, kurudi kwenye mifereji minne niliyoifuta. Tulitembea tangu asubuhi hadi kisigino kikatoka malengelenge. Dandora tukamkuta bibi mmoja anafua uani. Akatutazama, akatazama chupa. "Juzi mlichota, leo tena. Kwani nyinyi mnayanywa?" Musyoka akanitazama mimi. Ikabidi nimweleze yule bibi kwamba niliyapoteza majibu yake kwenye kompyuta. Hakuelewa kompyuta inahusiana vipi na mfereji wake, lakini aliona aibu yangu, akanipa kigoda nikae. Tangu siku hiyo, nikiona mstari naona ndoo chini yake.

Bwana Gichuhi alinipa masharti matatu. La kwanza, usiguse faili la asili, fanyia kazi nakala. La pili, hesabu mistari kabla na baada. La tatu, ambalo alilisema mara nyingi hadi likanichosha, chapisha kabla ya kufuta. Yaani amri ileile, badala ya kuambiwa ifute, iambie kwanza ikuonyeshe itakachofuta:

sed -n '6~6p' majibu.txt

"Unasoma kwa macho yako," alisema. "Mashahidi wanne, CHAFU nne. Ukishawaona, wafukuze. Mtu hatupi takataka kabla ya kuangalia ndani ya mfuko, kijiko chako kinaweza kuwa humo."

Kesi nyingine zilikuja na kupita. Kuna mwaka printa mpya ilileta faili zenye mstari mtupu baada ya kila mstari, na ofisi nzima ikakaa ikifuta kwa mkono, mmoja mmoja, mpaka nikaandika sed 'n;d' na kazi ya siku mbili ikaisha kabla chai haijapoa. Walinishangilia. Kuna mkubwa fulani alitaka kila mstari wa tatu tu wa vipimo vya mwaka mzima, eti ripoti yake iwe nyembamba. Nikampa. Hakuuliza vile viwili vilivyoachwa kati yake vilisema nini, na mimi sikumwambia. Hiyo nayo ni dhambi yangu, ingawa ni ndogo.

Bwana Gichuhi alistaafu, akarudi Murang'a kwa kahawa yake, akaniachia meza na maganda ya njugu. Nikawa mimi ndiye Madam. Na hapa naomba msome polepole, kwa sababu hapa ndipo nilipopotoka. Sharti la kwanza nililishika. La pili nililishika. La tatu nililiacha. Hakuna aliyenikataza, hakuna aliyenishawishi. Miaka ilikuwa imepita mashahidi wakisema CHAFU, CHAFU, CHAFU, CHAFU kila siku, nikaona nasoma kitu ninachokijua. Hesabu ilitosha, nilijiambia. Mistari ishirini na minne ikiingia, ishirini ikitoka, kuna nini tena? Nilikuwa hata nikijisifu mbele ya wageni kwamba kreti kwangu inachukua dakika moja. Mazoea yana taabu, yanakuja na sura ya ujuzi.

Basi kuna wiki ya mgao wa maji, mnazijua wiki hizo, mitungi ya manjano imepanga foleni kuliko watu. Kreti ya wiki hiyo ilipita kwa mpima mashine wetu, Wafula, kijana mwangalifu sana, mpaka leo nasema hivyo. Nikapokea faili. Mistari ishirini na minne. Nikafuta kila wa sita, nikabandika majina, nikaandika barua. Vituo viwili vilitoka CHAFU. Kimoja kilikuwa kibanda cha maji cha Mama Nyambura, hapa Kayole karibu na Spine Road. Cha pili kilikuwa mfereji wa ploti ya Mzee Kilonzo, mitaa miwili kutoka kwa huyo mama. Vingine vyote SAFI. Nikaweka muhuri. Maafisa wakaenda wakafunga kibanda, wakazungushia ule utepe wa rangi unaoonekana kutoka barabarani.

Asubuhi ya tatu Mama Nyambura alikuja ofisini. Sikuwa namjua. Mwanamke mnene, kitambaa kichwani, mtungi wa lita ishirini mgongoni umefungwa kwa mkanda kipajini kama wanawake wa kwao wanavyobeba kuni. Aliuweka mezani kwangu, juu ya karatasi zangu.

"Wewe ndiye Madam wa kompyuta?"

"Ndiyo, mama. Karibu kiti."

"Sitaki kiti. Nataka kikombe." Akafungua mtungi, akajimiminia kwenye kikombe changu cha chai, akanywa mpaka mwisho akinitazama. "Haya maji mmesema ni machafu. Nimelea watoto watatu kwa maji haya. Jirani anapita mbele ya kibanda changu akishika pua. Watu wamenunua kwangu miaka kumi, leo wananiambia, Mama Nyambura, kumbe ulikuwa unatuua?"

Nilimjibu kwa ile sauti ya ofisini ambayo sasa nikiisikia kwa mtu mwingine natamani kumpiga kofi. Nikamwambia pole mama, mashine imepima, mashine haina jirani wala haina chuki, tutakuja kupima tena zamu yako ikifika, labda wiki ijayo.

"Mashine haina chuki," akarudia polepole. "Sawa. Lakini hiyo mashine yenu ina wazimu. Si mmeandika pia maji ya Kilonzo ni machafu?"

"Ndiyo. Nayo yamepatikana na uchafu."

"Maji gani? Woi, Madam! Mfereji wa Kilonzo haujatoa tone hii ni wiki ya pili. Wapangaji wake wote wanakuja kuchota kwangu. Mlipima nini huko, hewa?"

Nilimtazama huyo mama, nikatazama mtungi. Nikamwita Musyoka. Alikuwa amezeeka sasa, lakini kreti bado alibeba yeye. Akasema kweli, kwa Kilonzo palikuwa pakavu, alirudi na chupa tupu, akaiweka kwenye shimo lake, la kumi na tisa, kama kawaida. Kawaida yetu ni kwamba chupa tupu hupita kwenye mashine kwa zamu yake kama zile zilizojaa, ili mashine iandike HAKUNA na foleni isivunjike. Kwenye faili langu hapakuwa na HAKUNA hata moja.

Nikamwita Wafula. "Chupa tupu uliipitisha?"

"Hapana, Madam," akasema, na uso wake ulikuwa safi kabisa. "Nikaona ni tupu. Chupa tupu itapimwa nini? Nikairuka."

"Basi mistari ingekuwa ishirini na mitatu. Mbona ilikuwa ishirini na minne?"

Akafikiri. "Aa! Stima ilizimika ikarudi nikiwa kwenye chupa ya nane. Sikuiamini ile namba ya kwanza. Nikaipima tena, kuwa na uhakika."

Mnaona? Mmoja kazidi, mmoja kapungua, hesabu yangu ikalala usingizi mtamu. Lakini kati ya chupa ya nane na ya kumi na tisa kila jibu lilikuwa limesogea nyumba moja. Nilirudi kwenye faili la asili, namshukuru Mungu na Gichuhi kwamba lilikuwepo, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka nikaandika amri ya kuchapisha kabla ya kufuta. Mama Nyambura alisimama nyuma yangu, pumzi yake kwenye sikio langu. Ikatokea mistari minne:

CHAFU
CHAFU
SAFI
CHAFU

"Hiyo ya tatu ni nini?" akauliza. Hajui kompyuta, lakini aliiona kabla hata sijamaliza kuisoma.

Shahidi hawezi kuwa SAFI. Maji ya mtaro hayajawahi kutubu. Kwa hiyo ule mstari wa kumi na nane niliofuta haukuwa wa shahidi, ulikuwa wa mtu, na shahidi mwenyewe alikuwa amesukumwa mbele hatua moja, akaenda kukaa kwenye jina la Kilonzo. Nikachukua kalamu, nikaanza kusogeza kwa mkono, chupa kwa chupa. Shahidi wa safu ya pili naye alikuwa amesukumwa kwenye shimo la kumi na tatu. Shimo la kumi na tatu lilikuwa la Mama Nyambura.

"Mama," nikamwambia, "maji yako ni safi. Kosa ni langu." Akaanza kusema jambo, lakini nilimwinulia mkono, kwa sababu kalamu ilikuwa bado inatembea. Kama shahidi wa safu ya pili hakufutwa, basi ni nani aliyefutwa mahali pake? Mstari wa kumi na mbili. Ulisema CHAFU, ukapita machoni kama shahidi mwema. Lakini ulikuwa wa chupa ya kumi na moja. Nikafungua orodha ya majina.

Chupa ya kumi na moja ilikuwa tangi la shule ya nasari huko Pipeline. Barua yangu ilikuwa imewaambia SAFI. Siku tatu zilizopita.

Nilipiga simu ya shule, ikaita ikakatika. Nikapiga tena. Saa ya ofisini ilikuwa inaelekea saa nne, wakati wa mapumziko, wakati watoto wanaachiwa wakimbie na wakishakimbia wanakunywa. Mkubwa wetu akatoka chumbani kwake akiuliza kelele ni za nini. Nilimweleza kwa maneno kumi. Akasema tusipaniki, tuchote upya, tupime, kisha tutume barua nyingine yenye majibu mapya, hakuna haja ya kutaja makosa, ofisi itachekwa.

"Kupima upya ni siku mbili," nikasema. "Watoto watakunywa siku mbili?"

"Madam Kalondu, kuna utaratibu."

Nilichukua karatasi, nikaandika kwa mkono kwamba barua ya kwanza ilikuwa na kosa, kosa ni la rekodi, tangi lifungwe sasa hivi. Nikatia sahihi yangu, nikapiga muhuri bila kuomba ruhusa. Nilijua huo muhuri ungeweza kuwa wa mwisho mkononi mwangu. Nilikuwa na miaka hamsini na kitu na mkopo wa nyumba, na niseme ukweli, niliogopa. Lakini nilikuwa nimeona ndoo chini ya mstari, na mtu akishaiona ndoo haiwezi kurudi kuwa mstari. Nikatoka nje kutafuta bodaboda. Mama Nyambura akanifuata.

"Wewe unaenda wapi?" nikamuuliza.

"Wewe wanakujua huko? Mwalimu wa hiyo nasari ni wa kanisa letu. Panda."

Pipeline mnaijua, ghorofa zimekaribiana mpaka jirani anaweza kukupitishia chumvi dirishani, na jua linafika chini likiwa limechoka. Shule ilikuwa ghorofa ya chini, uani pana tangi jeusi, na juu ya tangi vikombe vya plastiki vimefungwa kamba. Tulifika watoto wakiwa wamepanga foleni. Mtoto wa mbele alikuwa ameshajaza. Sikusalimu mtu. Nilikwenda moja kwa moja nikampokonya kikombe mkononi, akanitazama kwa mshangao mkubwa, kisha akalia kwa sauti yote aliyopewa na Mungu.

Mwalimu akatoka mbio. "Wewe mama, ni nini? Unanyang'anya mtoto maji?"

"Maji haya ni machafu."

"Machafu vipi na barua ninayo?" Akaingia ofisini mwake, akatoka nayo, amebandika kwenye kadibodi kabisa ili wazazi waisome. Sahihi yangu. Muhuri wangu. SAFI kwa herufi kubwa. "Madam, nimewaambia wazazi waache kuwafungia watoto maji ya nyumbani, kwa sababu ya barua hii."

Sijawahi kuaibika hivyo mbele ya mtu, wala sitaki tena. Nikamwambia, "Mwalimu, hiyo barua niliiandika mimi. Nilifuta jibu lenu nikidhani ni takataka. Nipige ukitaka, lakini funga tangi kwanza."

Alinitazama. Kisha akamtazama Mama Nyambura, ambaye alitikisa kichwa mara moja tu kwamba ni kweli. Mwalimu akakata zile kamba za vikombe kwa mkasi wa darasani. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Leo hawajakuja wanne. Wazazi wamesema tumbo. Nilidhani ni maembe."

Tulikwenda nyumba zote nne, sisi watatu, kwa miguu, ghorofa ya tatu, ya tano, ya sita, na ile ya mwisho ya saba, magoti yangu yanaijua mpaka leo. Wawili tuliwapeleka kliniki jioni hiyohiyo, mmoja akalazwa akatundikiwa maji mkononi. Mama yake aliniuliza mimi ni nani. Nikamwambia. Akaugeukia ukuta, na alikuwa na haki. Nilikaa kwenye benchi ya nje mpaka daktari akasema mtoto ameanza kukojoa. Jamani, sijawahi kufurahia habari ya mkojo wa mtu namna ile. Nililia wazi, na Mama Nyambura akanipa kona ya leso yake nijifute. Wote wanne walirudi darasani kabla mwezi haujaisha. Lile tangi likakutwa na ufa upande unaogusa bomba la choo.

Siku ya kufungua kibanda, maafisa walitaka kwenda wakate utepe kimyakimya. Mama Nyambura akakataa. Akasema atafungua Madam mwenyewe, saa kumi na mbili asubuhi, wateja wakiwa kwenye foleni. Nikaenda. Nikasema mbele ya mitungi na wenye mitungi kwamba maji ya huyu mama hayakuwa na tatizo, tatizo lilikuwa mezani kwangu. Jamaa mmoja wa mkokoteni akasema, "Sasa Madam, si unywe basi tuone." Nikanywa vikombe viwili. Nimekuwa nikinunua kwake tangu hapo, na kila mara ananiuliza kama nimeangalia ndani ya mfuko kabla ya kutupa, maana nilimsimulia habari za Gichuhi na kijiko chake, na akampenda bila kumwona.

Muhuri sikunyang'anywa. Nilipewa barua ya onyo, nikaihifadhi, iko kwenye faili lenye jina langu, msiifute. Wafula alitaka kuacha kazi. Nikamwambia aketi. Nikamweleza kwamba aliyerudia chupa hakukosa, na aliyeruka chupa tupu alikosa kidogo, lakini mwenye macho ya kuona nilikuwa mimi, na nilikuwa nimeyafumba kwa hiari. Siku hizi anapitisha chupa tupu kwa heshima kama ya mgeni rasmi.

Zile amri mbili, ya kuonyesha na ya kufuta, mnazo. Zitakuja mashine mpya zitakazoandika jina kando ya jibu, na mtasema mambo ya Madam Kalondu yamepitwa. Haya. Lakini popote mtakapofuta kitu kwa mpangilio, cha pili cha pili, cha sita cha sita, fahamuni kwamba mpangilio hauna macho. Mkiruka hatua moja, utaendelea kukata kwa nidhamu ileile, mahali pasipo pake.

Ile mistari minne niliichapa kwenye karatasi, nikaibandika ukutani juu ya mashine, bado ipo, imeanza kuwa ya manjano. Kila aliyeajiriwa baada ya siku ile nilimsimamisha mbele yake na kumuuliza mstari wenye msiba ni upi. Wote, bila kukosa, waliweka kidole kwenye ule wa tatu, ile SAFI iliyojitokeza peke yake. Nikawaambia wa tatu ndio uliotuokoa. Wa pili ndio uliokuwa shule.